Mwaka Niliotoa Pijo Nikachukua Landrova

Walipokuja kuniambia kwamba Ngalima amefariki, nilikuwa nakula ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na chai ya rangi, na sikuacha kula. Nilisema innalillahi kwa mdomo, kama inavyopasa, nikamenya mng'oko mwingine. Vijana wawili waliotumwa walibaki mlangoni wakitazamana. Mmoja akasema, "Babu, wewe ndiye mtani wake uliyebaki. Wanakusubiri msibani, utani haujafanywa." Nikawaambia wakamtafute mtani mwingine, Wamwera hatujaisha duniani. Sisi Wamwera na wao Wangindo tunataniana tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako ukacheka. Anaweza kuingia jikoni kwako akabeba sufuria lenye wali, ukamkomboa kwa kuku. Ukifiwa, yeye ndiye anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza, ili wenye msiba wapate kupumua. Na kumnunia mtani ni aibu ambayo watoto wako wataikuta. Ni desturi nzuri, asikwambie mtu, na mimi nimeifanya kwenye misiba mingi. Lakini kwa Ngalima sikwenda, na kwenye arobaini yake sitakwenda. Utani wangu na yeye niliumaliza mwaka ule wa operesheni ya vijiji, na nausimulia leo kwa sababu najua huko msibani wanamsifu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilipanga chumba Kilwa Kivinje, kwenye nyumba ya Bi Mwanaidi, mjane aliyekuwa akipika maandazi na mbaazi kwa ajili ya mgahawa wa jirani. Nyumba ilijengwa wakati wa Mjerumani, kuta zake nene hata mkono wangu wote ulikuwa hautoki upande wa pili wa dirisha, lakini mlango wa kwenda uani ulikuwa umeliwa na mchwa, na kila kilichosemwa huko nilikisikia nikiwa nimelala kitandani. Chumbani nilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati na ndoo. Mali yangu yote ilikuwa nje, chini ya dirisha: Pijo ya rangi ya maziwa, gia kwenye usukani, viti vya ngozi nyekundu vilivyokuwa bado vinanukia tumbaku ya mzungu wa shamba la mkonge niliyemwendesha miaka minne. Alipoondoka baada ya mashamba kutaifishwa aliniachia kwa bei ya kuonea huruma, akaipapasa boneti kama anamuaga farasi. Nikaifanya teksi. Nilibeba maharusi, nilibeba wagonjwa, nilibeba mashehe kwenda maulidini. Ukifunga mlango wake ulisikia sauti moja tu, dup, basi. Watoto wa Kivinje walikuwa wanakuja kuniomba wafunge mlango tu, na mimi, kwa majivuno yale ya ujana, nilikuwa nawapangisha foleni.

Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa anaishi ndani kule, nyuma ya Pande, kwenye mikorosho yake. Siku ile nilikuwa nimempelekea sukari na chumvi. Nilipofika nikakuta Landrova imesimama uwanjani, ile fupi ya milango miwili, rangi ya majani iliyochujuka. Haikuwa ya serikali. Ilikuwa ya Ngalima mwenyewe, aliinunua kwa padri, na alikuwa anaitumia kwenye operesheni kwa kujitolea ili wakubwa wamwone. Ngalima, aliyekuwa akisimamia operesheni upande ule, alikuwa mnene wa shingo, mcheshi, anajua jina la kila mtu na la mbuzi wake. Watu walikwisha ambiwa wahamie kijiji kipya cha barabarani, na ili wasirudi, nyumba zilikuwa zinaangushwa. Bibi alikuwa ameanika kunde mkekani. Akamwambia, "Mwanangu, ningoje nizizoe kunde zangu." Ngalima akacheka, "Bibi, huko uendako kuna kunde za taifa zima." Vijana wake wakacheka. Kisha akaniona mimi. "Ah, mtani! Hebu ondoa hilo Pijo lako hapo, lisije likaingiwa na vumbi."

Na mimi nikaliondoa. Nimekaa na jambo hili miaka yote, na sijapata namna ya kulisema likawa dogo. Nilipanda kwenye gari langu, nikawasha, nikarudi nyuma hatua thelathini, nikaliegesha vizuri kwenye kivuli, ili yeye apate nafasi ya kunyoosha mnyororo kutoka kwenye Landrova. Waliufunga kwenye nguzo ya kati, mlango ukiwa wazi, nikaona ndani kitanda cha bibi na mtungi wake. Landrova ilinguruma mara moja. Nyumba haikupiga kelele kubwa, ilishuka tu kama mtu mzee anayekaa chini. Vumbi likaenda likatua kwenye zile kunde. Bibi hakulia. Aliuliza kama mtungi umepona, na mtungi ulikuwa haukupona.

Masika yalimkuta chini ya turubai kijiji kipya, kifua kikambana, hakumaliza mwezi wa pili. Nilikuwa nikienda kila nilipoweza, lakini Pijo haikuwa gari la matope, mara mbili nilikwama njiani nikarudi. Alikufa moja ya siku hizo nilizokwama.

Msibani Ngalima alikuja na Landrova ileile, amejaza watu nyuma. Nilikuwa nimekaa jamvini na wanaume, maiti bado iko ndani. Nikamwona anakwenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo, akatwaa kanga ya bibi, akajifunga kichwani, akachukua fimbo yake, akainama mgongo. Akapita katikati ya wanawake akitetemesha sauti: "Jamani msinihamishe! Kunde zangu! Nani atanizolea kunde zangu?" Sauti aliipata sawasawa, Mungu anisamehe, aliipata hasa. Wanawake waliokuwa wanalia wakaangua kicheko. Ndiyo kazi ya mtani, kukata kilio. Wengine walicheka kwa desturi, wengine kwa woga, na wengine kwa sababu kwa kweli alichekesha. Akaja mpaka mbele yangu, akaniinamia, nikasikia harufu ya kanga ile. "Mjukuu wangu, mbona umenuna? Cheka, bibi yako anakutazama."

Jamvi zima likanigeukia. Nikacheka. Nilitoa meno yote nje, nikacheka mpaka mabega yakatikisika, na mzee mmoja akanipiga mgongoni akasema nimekuwa mwanaume. Ngalima akadai kuku ndipo arudishe kanga, nikatoa kuku. Akaondoka kuku akiwa amefungwa miguu kwenye kiti cha mbele. Watu wameniuliza, je, labda hakujua? Labda aliona utani ni utani na kazi ni kazi? Nawajibu kwamba alijua. Alijua kwamba kuna sehemu moja tu duniani ambapo anaweza kumdhihaki mtu aliyemuua na wafiwa wakamshukuru, na alikuja pale kwa makusudi, ili jambo liishe kwa kicheko na pasiwe na mtu wa kulishika tena. Nililishika mimi.

Sikulia. Kicheko kile kilikuja kikakaa mahali pa kilio, na kilio kikakosa njia. Wiki ya pili baada ya msiba nilikuwa kitandani, Bi Mwanaidi na shoga yake wanachambua mchele uani. Shoga akasema, "Huyo mpangaji wako ana roho ya jiwe. Kafiwa na bibi aliyemlea, kacheka kama yuko harusini." Bi Mwanaidi akasema, "Shika adabu, alitaniwa." Yule akajibu, "Kutaniwa ndiyo utoe mpaka jino la mwisho? Labda alikuwa anangojea mikorosho." Nikasikia mchele unapepetwa. Chakula cha mchana siku hiyo kilikuwa wali na changu wa kupaka, Bi Mwanaidi aliniwekea kipande cha kichwa, na nilipokuwa natafuna niliapa, kwa Mungu mmoja, kwamba Ngalima atacheka kama nilivyocheka.

Njia sikuwa nayo. Kumpiga, nitafungwa. Kumshitaki, nitamshitaki kwa nani, na kwa kosa gani? Yeye mwenyewe ndiye aliyeniletea njia. Asubuhi moja nilikuwa mgahawani nachovya andazi kwenye mbaazi, akaingia, akajiketia mbele yangu bila kukaribishwa, akala andazi langu. "Mtani," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "ile Pijo inakuonea aibu. Gari la kistaarabu vile linaendeshwa na mtu anayenuka papa. Nipe mimi, uchukue Landrova. Mwezi ujao nahamia Lindi mjini kikazi, siwezi kuingia mkutanoni na gari lenye mavi ya mbuzi." Watu wakacheka. Nikamwambia nitafikiri. "Fikiri upesi," akasema, "kichwa chenyewe kidogo, hakichukui muda."

Nilifikiri wiki tatu, na sijawahi kufikiri kitu kingine namna ile, hata ndoa. Nyie mnaoziona gari hizo sasa, zimesuguliwa zinang'aa na matajiri wanapiga nazo picha, mnadhani mtu angechagua kwa kutazama tu. Kwa hesabu ya kazi Landrova ilikuwa inanifaa zaidi, hilo Fundi Athumani wa gereji aliniambia siku ya kwanza. Ingefika Pande masika na kiangazi, ingebeba magunia, haikuchagua njia. Kama ningekuwa nayo mwezi ule, ningefika kwa bibi. Lakini nilikuwa naipenda Pijo kwa mapenzi ya kijinga kabisa, nilikuwa naiosha kabla sijanawa uso. Na kile kiti cha Landrova, na usukani ule, nilikuwa naona haramu hata kuvigusa.

Halafu kulikuwa na jambo la tatu, ambalo nilikuwa nalijua mimi na Fundi peke yetu. Bondeni Mbwemkuru niligonga jiwe, na tairodi, kile chuma kinachopeleka nguvu ya usukani kwenye magurudumu ya mbele, ikaingia ufa. Mwaka ule vipuri vilikuwa haba, Fundi akaifunga kwa bati na waya nikiwa naendelea kutafuta nyingine, akaniambia niendeshe polepole, nisipeleke gari milimani. Mimi niliweza, nilikuwa nalijua gari langu. Ngalima alikuwa mtu wa kukanyaga mafuta. Kutoka Kilwa mpaka Lindi kuna miteremko ambayo, ukikosa usukani, huokotwi. Kwa hiyo nilikuwa sihitaji kufanya chochote. Ningempa ufunguo, ningemtakia safari njema, ningerudi kula. Siku kumi nzima nilikula nikiwa na picha hiyo mbele yangu, Ngalima ndani ya Pijo, Pijo ndani ya korongo, na sitaficha, chakula kilikuwa kitamu.

Fundi Athumani aliniona usoni. Alikuwa mtu mfupi, mikono myeusi kwa grisi mpaka viwiko, na alikuwa hapendi maneno mengi. Nilimkuta chini ya lori, akazungumza bila kutoka. "Issa, nasikia unabadilisha."

"Nafikiri."

"Umemwambia habari ya tairodi?"

"Tairodi gani?"

Akajivuta akatoka, akakaa kitako kwenye mchanga, akanitazama. "Usijifanye hamnazo. Ukimpa hivi hivi umemuua. Tena hatakuwa peke yake, mtu kama yule haendi popote bila abiria wa kumsikiliza. Na mimi niliyefunga zile waya utakuwa umeniingiza." Kisha akarudi chini ya lori. Nilikasirika, nikampigia teke debe lake la misumari. Nilipofika barabarani nikarudi nikaiokota misumari, mmoja mmoja.

Kesho yake nilimwomba Ngalima nijaribu Landrova. Akanipa ufunguo akaniambia nisijambe ndani. Niliendesha mpaka nje ya mji, kiti kigumu, spring zinakupiga uti wa mgongo, na nyuma yangu kitu kikawa kinalia chuma kwa chuma kila nikipita shimo. Nikasimama nikaenda kufungua nyuma. Mnyororo. Ulikuwa umekunjwa pale na ndoano yake, na kwenye pete zake yalikuwa yamenasa majani makavu ya kuezekea. Huenda hayakuwa ya nyumba ya bibi. Nyumba zilikuwa nyingi. Nilikaa juu ya bampa, nikauweka mapajani, mzito, wa baridi, na ndipo akili ikanifunguka kama vile mtu kanifungulia dirisha. Nilikuwa nimewaza vibaya siku zote. Nilikuwa nawaza nitoe nini, nilitakiwa kuwaza nipate nini.

Nilikwenda gereji nikamwambia Fundi atengeneze tairodi vizuri, hata kama ni kuitoa kwenye Pijo mbovu iliyokuwa imetelekezwa Nangurukuru. Fundi akauliza, "Umemhurumia?" Nikamwambia hapana. Nikamwambia, "Akifa, atakuwa marehemu. Watamlilia, na mimi mtani wake nitaitwa nikamwigize. Namtaka mzima, Fundi. Namtaka mzima na ana afya." Fundi akatikisa kichwa, akachukua spana. Kazi ilimchukua siku mbili. Niliijaribu Pijo mwenyewe kwa kasi mpaka Masoko na kurudi, imenyooka, tamu, na nikiwa narudi machozi yalinilengalenga, kwa ajili ya gari tu, si kwa kingine.

Tulibadilishana Ijumaa, baada ya swala, mbele ya wazee waliokuwa wanavaa viatu vyao. Mimi niliwataka mashahidi, na yeye aliwapenda kwa sababu alipenda kutazamwa. Akasimama katikati, kofia imeinamia jicho, akaniwahi kusema: "Wazee wangu, mimi na huyu mtani, chakula changu, tunabadilishana magari kiutani. Hakuna kurudishiana, hakuna kulalamika, hakuna kupelekana popote. Atakayenuna, huyo si mtu." Alikuwa na hofu kwamba nitaijutia Pijo nije kumsumbua Lindi. Alijifunga kwa ulimi wake mwenyewe, mimi sikumwongezea neno, nilimuuliza tu.

"Hata kikitokea nini?"

"Kitokee nini, mtani! Chochote."

"Na vilivyomo ndani ya Landrova?"

"Vyako vyote, mpaka mavi ya mbuzi."

"Mmesikia, wazee?"

"Tumesikia," wakasema, wakicheka. Tukapeana funguo. Aliingia kwenye Pijo, akafunga mlango, dup, akaufungua tena akaufunga tena, kama wale watoto.

Jumapili, saa nne asubuhi, nilikwenda kwake. Ngalima alikuwa amemjengea mama yake nyumba pembeni mwa mji, naye akiishi humo humo. Nyumba ya mawe na udongo, paa la bati jipya, na mbele baraza pana lililosimama juu ya nguzo nne za mkoko. Kivinje nzima ilikuwa inalisifia baraza lile. Chini yake, nusu kivulini, alikuwa ameegesha Pijo, anaiosha kwa sabuni ya kipande, amevaa kikoi, kifua wazi. Majirani walikuwepo, wamekuja kuona gari. Nikarudi nyuma na Landrova mpaka karibu, nikashuka, nikatoa mnyororo. "Karibu, mtani!" akapiga kelele, mapovu mikononi. "Umekwisha leta kilio? Harudishiwi mtu hapa!" Watu wakacheka. Mimi nikazungusha mnyororo kwenye nguzo ya kona, nikatia ndoano, nikafunga upande wa pili kwenye gari. Wakazidi kucheka, utani umenoga. Mama yake akatokea mlangoni, bibi mrefu mkavu, mwiko mkononi.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba. Unafanya nini na nguzo yangu?"

"Naomba mtoke nje, mama. Wote waliomo ndani watoke."

Hapo Ngalima akanitazama vizuri. Alikuwa mtani hodari, anajua sura ya mtu anayetania. Akaacha kitambaa kikaanguka kwenye ndoo. "Issa," akasema, kwa jina langu, ambalo hakuwa amelitumia hata siku moja. Akaja mpaka kwenye dirisha la Landrova, akashusha sauti. "Issa, ni nyumba ya mama. Niombe kitu kingine. Nikurudishie Pijo? Ichukue, sasa hivi." Nilikuwa sijafikiri kwamba ataniambia hivyo. Niliitazama ile Pijo, imelowa, nyeupe, paa lake liko chini kabisa ya bati la baraza. Ningeweza kuipata na kuondoka nayo, na mtu huyu amekwisha niomba mbele ya majirani zake. Angetokea mwingine angesema inatosha. Nikamuuliza, "Bibi alikuomba nini?" Akafungua mdomo. Hakukumbuka. Naapa hakukumbuka, aliigiza sauti yake yote msibani na hakukumbuka kwamba lile lilikuwa ombi.

Mama yake alikwisha toka, na msichana wa kazi, na paka. Nikahesabu vichwa mara mbili. Nikaweka gia.

Nguzo ilitoka kama jino. Baraza likainama, bati likalia kelele ambayo sijaisikia tena, na mbele yote ya paa ikashuka, ikaja juu ya Pijo yangu, ikalikunja paa lake mpaka kwenye viti. Vumbi likatanda. Nikazima injini. Majirani wote walikuwa wanamtazama Ngalima, kwa sababu wote walijua alichosema Ijumaa, na wazee wawili waliokuwa mashahidi walikuwa wamesimama palepale. Nikashuka, nikamwendea, nikamwinamia karibu. "Mtani, mbona umenuna?" nikamwambia. "Cheka, watu wanakutazama."

Ngalima akacheka. Alianza kwa mdomo, kisha akatafuta sauti, akaipata, akacheka ha ha ha na mapovu yamekaukia mikononi, akasema, "Mtani wangu huyu! Mwanaharamu huyu!" Na watu, taratibu, wakaanza kucheka naye. Nilisimama nikamtazama mpaka mwisho, sikukosa hata kidogo. Kwenye maisha yangu nimepata raha chache zilizonikolea namna ile, na anayetaka nitubu kwa hilo atangoja sana. Hakunishitaki. Angeanza wapi? Baada ya wiki mbili alihamia Lindi kwa basi.

Ila mama yake hakucheka. Yeye alikuja mpaka nilipo, nywele nyeupe kwa vumbi, ule mwiko bado mkononi. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi nitolee godoro langu, unipeleke kwa mdogo wangu. Sitalala kwenye uchafu wenu." Nikaingia ndani, kwenye kile chumba cha nyuma kilichosalia, nikabeba godoro, nikabeba sanduku lake na jiko, nikapakia. Nikampandisha kiti cha mbele. Mwanawe alitaka kumshika mkono, akamkung'uta. Tukaondoka taratibu kupita sokoni, watu wote wametoka kwenye milango. Nilikuwa nangoja anitukane, nilikuwa tayari, nilikuwa na majibu. Tukauvuka msikiti.

"Mwanangu alirudi siku ile ya msiba akanionyesha alivyoigiza," akasema. "Alijifunga kanga yangu, akainama. Nilicheka mpaka nikashika mbavu." Alikuwa anatazama mbele. "Sikuuliza ni bibi wa nani. Alikuwa anaitwa nani?"

"Somoe," nikasema.

"Somoe," akasema yeye, taratibu, kama mtu anayejaribu uzito wa kitu. "Mungu amrehemu Somoe."

Tangu azikwe hakuna aliyekuwa amenitajia jina hilo. Nilitaka kubadilisha gia, nikaikosa. Landrova ikazimika katikati ya barabara, na mimi nikaegemeza paji la uso kwenye usukani nikalia, kwa sauti, kilio chote cha bibi yangu, miezi mitano baada ya kumzika, huku nyuma wenye baiskeli wanapiga kengele tuwapishe. Mama yake Ngalima hakuniambia ninyamaze. Alipeleka mkono nyuma, akalishika godoro lake lisianguke, akangoja.